Chaneli ya Mchanganyiko

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Katuba, Chancelvie alikuwa ameshafagia ua, amejaza ndoo kwenye bomba la jirani na kuwasha makala, yaani makaa, katika jiko la mbabula ili mama yake apate maji ya moto. Ulikuwa mwezi wa sita. Baridi ya Lubumbashi ilikuwa imekaza, na watu walipita njiani wakiwa wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Maji yakisubiri kuchemka, Chancelvie alichuchumaa karibu na moto, akatoa simu kuukuu aliyoachiwa na mama yake, akasoma muhtasari aliouandaa Msaidizi, programu ya shuleni kwao.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, naye ndiye aliyechaguliwa kuwa mkuu wa karakana ya sabuni ya shule yao. Karakana hiyo ilikuwa ya wanafunzi wenyewe, chini ya uangalizi wa Mwalimu Mwaba, aliyefundisha sayansi na kompyuta. Baada ya masomo walikusanyika katika ghala la zamani nyuma ya madarasa na kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Baadhi yao walichanganya, wengine walikata na kufunga, wengine walitafuta vifaa, na wengine walitafuta wateja.

Kwa kuwa hawakuwa darasa moja wala mtaa mmoja, Mwalimu Mwaba aliwaingiza katika programu ya mazungumzo ya kazini, kama zile zinazotumiwa na watu wa ofisi mjini. Kila kazi ilikuwa na chaneli yake, yaani mahali ambapo watu wa kazi hiyo waliandikiana: Mauzo, Ufungaji, Vifaa na Mchanganyiko. Lakini vijana wana maneno mengi. Ujumbe ulimiminika mchana kutwa, habari za sabuni zikichanganyika na utani na habari za mpira, na Chancelvie alilalamika kwamba macho yake yatapofuka.

Ndipo Mwalimu Mwaba alipowaletea kitu kipya. Kilikuwa kiunganishi kinachomruhusu msaidizi wa akili mnemba kuingia katika chaneli, kusoma ujumbe na kueleza kwa ufupi yaliyotokea. Wanafunzi walimpa jina la Msaidizi. Mwalimu alisimama mbele yao akaeleza sharti moja, na alilisema polepole ili liwaingie.

"Msaidizi anasoma chaneli aliyofunguliwa tu. Na hafunguliwi mpaka wenye chaneli wakubali, kwa sababu maneno yaliyomo ni yao. Chancelvie, wewe utaliuliza kila kundi, kisha utafungua."

Makundi matatu yalikubali siku hiyo hiyo. Katika kundi la Mchanganyiko, Guelor alikuwa na swali. Guelor alikuwa mvulana mpole aliyetoka Lukafu mwaka uliotangulia, akaja kuishi kwa shangazi yake na kusoma Katuba. Hakukataa. Alitaka tu kujua ni nani mwingine atakayeona anayoyaandika, na kama chaneli inaweza kufungwa tena. Chancelvie hakuwa na jibu, akasema atamuuliza mwalimu. Siku hiyo hakupata nafasi, kesho yake vivyo hivyo, na baada ya hapo likamtoka kichwani. Mwalimu Mwaba alipomuuliza kama amemaliza, aliona haya kusema kwamba jambo dogo namna hiyo limemshinda. Akajibu kwamba chaneli zote zimefunguliwa.

Tangu hapo kazi yake ikawa nyepesi. Aliamka, akasoma muhtasari, akaingia mkutanoni akijua nani amepata mteja na nani amekosa karatasi za kufungia. Wenzake walishangaa. Numbi, msichana mchangamfu aliyesimamia ufungaji, alikuwa akimwita Yaya, yaani dada mkubwa, na kuwaambia wengine, "Yaya iko anasoma vyote." Chancelvie alipenda kusikia hivyo. Mkutanoni akawa anaanza kwa kusema, "Nimesoma ujumbe wenu wote." Ukweli ni kwamba alikuwa ameacha kabisa kuzifungua chaneli mwenyewe. Chini ya kila muhtasari kulikuwa na sentensi fupi iliyorudiwa kwa maneno yale yale, lakini hakuisoma tena. Jicho lake lilikuwa limezoea kuiruka.

Mwezi huo karakana ilipata bahati kubwa. Mama Virginie, mkunga mkuu wa kituo kidogo cha uzazi karibu na shule, alikuwa amejaribu sabuni yao na kuipenda. Aliagiza sabuni kwa ajili ya akina mama wanaojifungua pale, ya kuogea wao na watoto wao wachanga. Alisema ataipokea kwenye maonyesho ya karakana za shule, mjini, mbele ya watu wote. Habari hiyo iliwapandisha wanafunzi mabega. Walifanya kazi kwa nyimbo. Muuzaji wao wa soda kostiki alipoishiwa, kundi la Vifaa lilipata nyingine kwa muuzaji mwingine sokoni, wala kazi haikusimama. Soda hiyo ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni, lakini ikizidi inachoma ngozi. Kwa hiyo waliipima wakiwa na glavu mikononi, Mwalimu Mwaba akiwa karibu, kwa kipimo kile kile walichokizoea.

Sabuni za kwanza za soda mpya zilipokauka, Chancelvie alimpelekea mama yake kipande. Mama Martine alikuwa akipika bukari, yaani ugali, na samaki wakavu kutoka Pweto na kuuza kando ya soko, na siku nzima mikono yake ilikuwa majini akisugua sufuria na sahani. Baada ya siku chache mikono ile ilikuwa myekundu, na ngozi katikati ya vidole imepasuka. Chancelvie alipouliza, mama alicheka tu.

"Ni baridi, mutoto wangu. Kila mwaka iko vile."

Chancelvie alitaka kuamini kuwa ni baridi. Lakini jioni aliosha vyombo mwenyewe kwa sabuni ile, na kabla hajamaliza vidole vilianza kumwasha. Alivisuuza kwa maji mengi, akakaa kwenye kiti cha jikoni akivitazama. Kisha akachukua simu na kumwuliza Msaidizi kama kuna mtu yeyote katika karakana aliyelalamikia sabuni mpya.

Jibu lilikuja mara moja. "Katika chaneli tatu nilizofunguliwa, hakuna aliyelalamika. Chaneli ya Mchanganyiko sijafunguliwa, kwa hiyo sijui yaliyoandikwa humo. Nimekuwa nikikukumbusha hilo chini ya kila muhtasari."

Chancelvie alirudi kwenye muhtasari wa asubuhi ile. Sentensi ilikuwapo. Akaangalia wa jana, wa juzi, na wa wiki iliyopita. Ilikuwapo kote. Akaifungua chaneli ya Mchanganyiko mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Msaidizi aletwe.

Ujumbe wa Guelor ulikuwa umepangana pale. Aliandika kwamba soda mpya ni nyeupe zaidi, na ikitiwa majini inachemka kuliko ile ya zamani. Aliandika kwamba alinawa kwa sabuni ya kwanza na mikono ikamuwasha mpaka jioni, na akaomba wasimame kwanza wapime. Aliuliza, "Yaya Chancelvie, umesoma?" Ujumbe wa mwisho ndio uliomchoma zaidi. "Umesema mkutanoni kama umesoma vyote. Basi nimejua umeamua tuendelee."

Alisoma maneno hayo mara nyingi. Sabuni yote ya kituo cha uzazi ilikuwa tayari, imekatwa, na Numbi alikuwa ameifunga kipande kwa kipande kwa utepe. Maonyesho yalikuwa Jumamosi ile ile. Wazo likamjia kwamba anaweza kunyamaza. Huenda kweli ni baridi tu, na huenda akina mama wasione kitu. Kisha akayafikiria mashavu ya mtoto aliyezaliwa jana, akatazama mikono ya mama yake iliyokuwa ikimenya vitunguu pembeni ya mbabula, akalitupa wazo hilo.

Akamweleza mama yake kila kitu. Mama Martine aliweka kisu chini, akamwambia avae koti lake. Wakaenda pamoja kwa shangazi yake Guelor, mitaa michache kutoka pale.

Guelor alikuwa uani akipanga magunia ya makala. Mama alibaki kuzungumza na shangazi mlangoni, na Chancelvie akamwendea mwenzake peke yake.

"Sikusoma," alisema. "Nilisema nimesoma, lakini sikufungua chaneli yenu hata siku moja. Ulichoandika kilikuwa kweli."

Guelor alijipangusa vumbi la makala mikononi.

"Mi nilizania umeona," alisema mwishowe, "ukaona maneno yangu haina maana."

"Nimekukosea. Kesho nitasema mbele ya wote."

Guelor alimtazama kama anayepima kama hayo nayo ni maneno tu. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akasema asubuhi atapita amchukue waende kwa mwalimu pamoja.

Asubuhi, Mwalimu Mwaba aliwasikiliza bila kuwakatiza. Chancelvie alimweleza pia uongo ule wa kwanza, kwamba chaneli zote zimefunguliwa. Mwalimu alichukua kipande cha sabuni, akakilowesha, akakigusisha karatasi ya kupimia kutoka maabara. Karatasi ikageuka zambarau iliyokoza, dalili kwamba soda imezidi. Akaeleza kwamba soda ya zamani ilikuwa imechanganywa na vitu vingine, na hii mpya ni safi, kwa hiyo kipimo kile kile kilikuwa kimezidi nguvu. Akaongeza kwamba na yeye ana kosa, kwa kuwa alisimama pale pale wakipima na hakuagiza ijaribiwe kwanza, wala hakuifungua chaneli yao, akiamini kwamba Msaidizi anaisoma. Halafu akamwuliza Chancelvie anataka kufanya nini, kwa maana bado ndiye mkuu.

"Niite mkutano," Chancelvie alijibu. "Halafu niende kwa Mama Virginie."

Mkutano ulikuwa mgumu. Chancelvie alisimama mbele ya wenzake, akasema alichofanya bila kukipunguza. Numbi alisimama, machozi yamemjaa. Aliuliza kwa nini wao wafanye kazi usiku na mchana halafu mkuu ashindwe hata kusoma. Mvulana mmoja alishauri wanyamaze, kwa kuwa sabuni ilikuwa nzuri kwa macho na siku zimekwisha. Hakuna aliyemuunga mkono. Kila mmoja alikuwa akivitazama vipande vile vilivyofungwa kwa utepe kama anayetazama kitu kilichokufa.

Mwalimu Mwaba akawauliza swali, kwa sauti ile ile ya darasani. "Soda iliyozidi ndani ya sabuni, inatafuta nini?"

Numbi, akifuta machozi kwa kiganja, ndiye aliyejibu. "Inatafuta mafuta, Mwalimu."

"Basi tuipe."

Akawaeleza kwamba sabuni ile haijaharibika kabisa. Inaweza kukwaruzwa, kuyeyushwa kwa maji kidogo na kuongezewa mafuta, mpaka soda yote iliyobaki ipate cha kushikamana nacho. Kazi itakuwa kubwa, na sabuni haitakuwa laini kwa macho kama mwanzo. Akaandika hesabu ya mafuta ubaoni, na walipoona ni mengi kiasi gani, vichwa vikainama tena. Guelor akasema shangazi yake anaweza kutoa chupa moja. Numbi akasema kwao pia ipo. Mikono ikaanza kunyooshwa mmoja baada ya mwingine.

Mchana huo Chancelvie alikwenda kituo cha uzazi. Mama Virginie alimpokea katika chumba kidogo chenye harufu ya dawa, akamsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, mkunga alimwambia kwamba ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba sana, na kwamba hawezi kumwahidi chochote. Ataipima sabuni yeye mwenyewe siku ya maonyesho, na asiporidhika hataichukua, hata kama watu wote wa mji wanatazama. Chancelvie alisema ni haki. Alitoka pale kifua kikiwa chepesi kuliko kilivyokuwa kwa wiki nyingi.

Kazi ikaanza. Ghala lilijaa watu kuliko siku zote. Mama Martine alifika na sufuria yake kubwa kuliko zote, mikono yake imepakwa mafuta na kufungwa vitambaa, akakataa kurudishwa nyumbani. Wanafunzi walifungua tepe walizozifunga wenyewe, wakakwaruza vipande mpaka mabega yakauma. Chancelvie alijiwekea kazi ngumu zaidi, ya kukoroga sufuria juu ya moto, na alipochoka Numbi alimpokonya mwiko, naye akakoroga. Hapo ndipo Chancelvie alipojua kwamba amesamehewa.

Katikati ya kazi hiyo alikumbuka deni lake. Alimwuliza Mwalimu Mwaba lile swali la Guelor, akaja na jibu: wanachama na mwalimu tu ndio wanaoona, na wenye chaneli wanaweza kuifunga wakati wowote wakitaka. Guelor alisikiliza, akawauliza wenzake wa kundi, kisha akaichukua simu na kumfungulia Msaidizi chaneli ya Mchanganyiko kwa kidole chake mwenyewe.

Mchanganyiko wa kwanza ulipopoa, wote walizunguka meza. Mwalimu aligusisha karatasi. Waliona rangi ikipanda taratibu, ikasimama kwenye kijani chenye bluu kidogo. Ilikuwa rangi ya sabuni salama. Ghala zima lililipuka kwa vigelegele, na Mama Martine akacheza pale pale na mwiko mkononi.

Jumamosi waliingia mjini na maboksi yao. Ukumbi ulikuwa umepambwa, na meza za shule nyingine zilimeremeta. Sabuni ya Katuba ilikuwa na mabonde na madoa, imefungwa kwa karatasi ya kawaida bila utepe. Watu kadhaa walipita wakaitupia jicho, wakaendelea na safari yao.

Waamuzi wa maonyesho, waliokuwa wakichagua karakana bora, walipofika, mmoja wao, bwana mwenye miwani, alisema amesikia kwamba karakana hii inatumia akili mnemba kusoma ujumbe wa wafanyakazi. Akamwuliza mkuu kama basi mashine ndiyo inayoongoza kazi. Chancelvie alimtazama Guelor, akavuta pumzi, akasimulia yote mbele ya umati: chaneli iliyosahaulika, uongo wake, mikono ya mama yake, sabuni iliyokwaruzwa upya. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Kisha akamwomba Msaidizi, sauti ya simu ikiwa juu, aeleze hali ya karakana. Msaidizi akajibu kwamba amesoma chaneli zote nne, kwamba Guelor ameripoti vipimo vyote ni salama, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kuigusa sabuni, kwa hiyo anashauri waamuzi wamwulize aliyeipima.

Watu wakacheka kwa kupendezwa, na Guelor akasukumwa mbele. Alieleza kazi yake kwa sauti ndogo mwanzoni, kisha ikakua. Alikuwa bado anazungumza Mama Virginie alipopenya katikati ya watu akiwa na beseni la maji. Hakumsalimu mtu. Alichukua kipande kutoka katikati ya boksi, mahali alipochagua mwenyewe, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akasubiri. Akaomba karatasi, akapima. Akaichukua sabuni, akainusa, akaigusisha shavu lake.

"Hii nitamwogeshea mtoto wangu mwenyewe," alisema. "Naichukua yote. Na mwezi ujao naagiza tena."

Makofi yalianzia kwenye meza yao na kuenea mpaka nje. Waamuzi walipotangaza matokeo, karakana ya Katuba ilitajwa ya kwanza. Bwana mwenye miwani alieleza kwamba waliona sabuni nzuri nyingi siku hiyo, lakini ni karakana moja tu iliyowaeleza ilivyokosea na ilivyotengeneza. Chancelvie alikataa kupanda jukwaani peke yake. Walipanda wote, na kombe alilishika Guelor, huku Numbi akiruka pembeni yake na Mama Martine akipiga vigelegele kutoka chini mpaka sauti ikamkauka.

Nje, jua la mchana likiwa limeanza kuupasha mji joto, Mwalimu Mwaba aliwakusanya kabla ya kurudi Katuba. Aliwapongeza mmoja mmoja kwa jina. Halafu akamgeukia Chancelvie, na wote wakasogea wasikilize.

"Msaidizi alisema 'sijui' kila asubuhi, na hakuona haya. Wewe uliona haya kulisema neno hilo mara moja tu, na angalia haya hiyo ilivyotuchosha mikono. Teknolojia itawasaidia sana katika maisha yenu, itumieni. Lakini itawaonyesha kile tu mlichoifungulia, na mwenzako anapokuandikia, ni wewe anayekusubiri umjibu. Mkiwa wakubwa, katika ofisi, hospitalini, mgodini, mtapewa madaraka. Siku hiyo semeni mapema msichokijua na mlichokosea, kama Chancelvie alivyofanya wiki hii. Ndiyo maana leo tunarudi na kombe."

Mama Virginie, aliyekuwa akisimamia upakiaji wa maboksi kwenye gari la kituo, aliitikia kwamba mwalimu amesema yote. Kisha akawahimiza wamsaidie kubeba, kwa sababu kuna akina mama wawili waliojifungua alfajiri ile, nao wanasubiri maji ya moto na sabuni.